Bahari Iko Ng'ambo ya Foleni

Greenbelt, Maryland, ina kila kitu isipokuwa bahari. Serikali ya Marekani iliujenga mji huu kwa makusudi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, wakazi wa kwanza wakahamia mwaka 1937, na waliouchora walifikiria mengi: njia za waenda kwa miguu zinazopita chini ya barabara, maduka katikati, ukumbi wa sinema, hata ziwa lililochimbwa na vibarua. Kuogelea ziwani ni marufuku. Mchanga uliopo ni ule wa kuchezea watoto, na huko ndiko timu yetu ilikokuwa ikifanyia mazoezi, mpaka mtoto mmoja akaja na ndoo yake akauliza, kwa adabu kabisa, zamu yetu inakwisha lini.

Sisi ni timu ya frisbi ya ufukweni. Watano kwa watano, uwanja wa mita 75 kwa 25, kisahani cha gramu 175. Ukikidaka huruhusiwi kukimbia nacho. Unampasia mwenzako, mpaka mmoja wenu akidakie kwenye eneo la mwisho la wapinzani. Mchezo wenyewe, ule wa nyasini, walianza kuucheza wanafunzi wa sekondari ya Columbia kule Maplewood, New Jersey, mwaka 1968. Nani aliyewaza kuuhamishia mchangani sijui, ila nina hakika hakuwa Mtanga.

Nasema hivyo kwa sababu niliingizwa timuni kwa sifa ya kuzaliwa Tanga. Nahodha wetu, dada mmoja wa Mombasa ambaye alitakiwa kuelewa zaidi, aliniambia, "Kaka, mtu wa Pwani mwenzangu! Mchanga si ndio kwenu?" Mchanga ni kwetu, ndiyo. Tunauvutia ngalawa, tunaukalia jioni, na jua likishapoa vijana wanapigia soka. Lakini mtu anayekimbia mchangani saa saba mchana, Tanga, ama kaibiwa ama kaiba.

Basi kila kiangazi tunazurura. Mara Virginia, mara Delaware, na kilele chake ni Wildwood, New Jersey, ambako kila Julai mamia ya timu hujazana kwenye ufukwe mpana hivi kwamba ukishuka kwenye gari unaanza kushuku kama maji yapo kweli. Kwenye mashindano unacheza mechi fupi fupi. Muda uliobaki, yaani karibu wote, uko garini.

Safari ya Wildwood ninayotaka kuisimulia tulikwenda na gari la shemeji, mume wa dada wa mke wangu, aliyejitolea kuwa dereva kwa sharti kwamba asiguse kisahani. Sharti hilo lina historia yake. Nahodha alimsimulia habari za Ed Headrick, yule aliyekiboresha kisahani na kupata hataza yake miaka ya 1960. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki na kufinyangwa visahani vya kumbukumbu, kwa wosia wake mwenyewe. Tangu siku hiyo shemeji akiona kisahani cha zamani anarudi nyuma hatua mbili. "Mtamrushaje mtu?" anauliza. "Na akidondoka?"

Tulitoka Greenbelt Ijumaa mchana, saa ambayo Maryland nzima nayo imeamua kwenda baharini. Foleni ikatambaa mpaka Daraja la Chesapeake. Daraja hili lina urefu wa kama kilomita saba, upande wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1952, na linapanda juu ya maji kiasi kwamba meli kubwa zinapita chini. Kingo zake ni fupi. Watu wengi wanaliogopa, hata kuna wanaofanya biashara ya kukuvusha: unawapa ufunguo, wanaendesha gari lako, wewe unakaa kiti cha nyuma umefumba macho.

Sasa, shemeji tangu tunaondoka alikuwa akitusimulia alivyokuwa akiteremka mlima Kitonga na lori lililojaa saruji, breki moja, mvua inanyesha. Tulipoliona daraja, hadithi ikakatika katikati ya kona. Akaingiza gari kwenye kituo cha mafuta, akashuka, akanunua maji, akayanywa yote, akanunua mengine.

"Dada," akamwambia nahodha, "nyie watu wa Likoni mmezoea mambo ya kuvuka maji."

Nahodha akashika usukani. Shemeji akahamia nyuma, akaipakata sufuria ya pilau, akasoma kila dua anayoijua na nyingine nadhani alizitunga hapo hapo. Ushuru wa daraja unatozwa wakati wa kwenda tu. Kurudi ni bure. Wamefanya utafiti wao, wanajua anayetoka baharini hana kitu.

Kituo kile cha mafuta kilitugharimu. Tulifika Lewes, Delaware, tukaiona pantoni kwa mgongo. Hii si pantoni ya Pangani kwenda Bweni, ambayo ukiikosa unamaliza dafu moja inarudi. Hii inavuka mdomo wa ghuba kwenda New Jersey, kilomita 27 hivi, dakika 85, na nafasi ya gari unaikata mapema. Tukaambiwa tungojee inayofuata kama itakuwa na nafasi. Tukangojea. Pilau iliyokusudiwa kuwa chakula cha mashindano ikaliwa yote pale kwenye maegesho, huku shemeji akituhimiza tule kwa nguvu, kwani yeye ndiye aliyeibeba.

Kuhusu mechi zenyewe sina mengi. Mchanga wa Julai unaunguza nyayo. Wenzetu huvaa soksi nene za mpira, sisi tulivaa uzalendo. Upepo wa bahari ukamfanya mwenzetu mmoja, mhandisi wa mambo ya anga, apige hesabu kabla ya kila pasi, na kisahani kikaenda kinakotaka.

Ila kuna jambo moja tunaloliweza kuliko timu zote. Mchezo huu hauna refa. Ukichezewa faulo unaita mwenyewe, mwenzako akikataa mnazungumza, kwa ufupi na kwa heshima, na mkishindwa kukubaliana kisahani kinarudi kwa aliyerusha. Fikiria unawapa utaratibu huo watu waliokulia kwenye ubishi wa Simba na Yanga. Hata mwenzetu Mkongo, wa Bukavu, alieleza faulo moja kuanzia chanzo chake, akapitia nia ya mchezaji, akamuomba nahodha atoe ushuhuda. Wapinzani wetu, vijana wa Philadelphia, wakakaa chini mchangani. Mwisho wakakubali ilikuwa faulo, na nashuku walikuwa wanaogopa jua kuzama. Mechi ikaisha kwa muda na sisi tuko nyuma, lakini tulipokaa duara pamoja, kama ilivyo desturi baada ya mechi, walitusifu sana kwa mawasiliano.

Njaa ikatupeleka kibandani kununua samaki wa kukaanga na chipsi, kwa bei ambayo Tanga ungepata samaki, mvuvi na nusu ya ngalawa. Nilikuwa ndio kwanza nimenyanyua kipande. Shakwe akaja kutoka nyuma, bawa likanipiga sikio, na mkononi nikabaki na limau. Watu wa huku wameshakata tamaa na ndege hawa. Ocean City ya New Jersey, mwaka 2019, iliajiri kabisa ndege wa mawindo kuwafukuza: mwewe, kozi, na bundi. Shemeji alipoelezwa hayo alisahau hata kunipa pole. "Bundi ana kazi?" akasema. "Huyu huyu tunayemfukuza juu ya paa? Mimi nimesubiri kibali cha kazi huku nachungulia dirishani, bundi ameajiriwa na manispaa!"

Jumapili usiku nilimpigia mama, Tanga, ambako palikuwa panakucha. Nikamweleza daraja, pantoni, mechi, faulo ya Bukavu. Alisikiliza vizuri.

"Kwa hiyo mwanangu bahari mmeifuata safari ya kutwa nzima, na samaki hamkupata?"

Nikamwambia nilimpata, ndege akamchukua mkononi.

Akataka kujua huyo ndege ana ukubwa gani, na kama naye analiwa.