Shida za Bafuni: Majibu kwa Wasomaji Walioko Japani

Sento ni bafu la umma la Kijapani. Watu wa jinsia moja huoga humo pamoja, uchi, kwa kulipa kiingilio. Haifanani na onseni, ambayo hutumia maji ya moto yanayobubujika ardhini; sento ni jengo la mtaani, lenye tanuri nyuma na dohani refu juu ya paa. Ya kwanza katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, inasemekana ilifunguliwa mwaka 1591. Nyumba za Edo zilikuwa za mbao, zimebanana, na kuni zilikuwa ghali. Kuchemsha maji ya kuoga kila nyumba kulikuwa kukaribisha moto mtaa mzima, kwa hiyo mfanyabiashara na mchukuzi walijikuta katika hodhi moja. Barua zinazofuata zinahusu hodhi hilo.

Mwanafunzi aliyepanga chumba kisicho na bafu anaeleza kwamba tangu afike anajipangusa kwa taulo lililoloweshwa, kwa sababu ameambiwa kwenye sento watu huvua kila kitu. Ameambiwa ukweli. Hata nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Kinachomtisha ni macho ya watu, lakini adabu ya kwanza ya sento ni kutokodoa macho. Mwafrika atatazamwa anapoingia, kama anavyotazamwa kwenye treni, kisha kila mtu atarudi kwenye povu lake. Aliyesoma shule ya bweni, akaoga alfajiri katikati ya kundi huku jirani akimwibia maji ya ndoo, ameshafuzu somo gumu zaidi.

Viatu huachwa mlangoni, katika kijikabati ambacho mara nyingi ufunguo wake ni kibao cha mbao. Pande mbili, ya wanaume na ya wanawake, hutenganishwa kwa mapazia. Asiyejua kusoma alama zake aulize kwanza, kwani kosa la hapo halina maelezo yanayokubalika. Msomaji mmoja amefadhaika kwamba mpokea fedha wa sento ya mtaani kwake ni mama wa makamo anayekaa kwenye kiti cha juu na kuona pande zote mbili. Ndivyo sento za zamani zilivyojengwa, na mama huyo yuko kazini. Nyingi siku hizi zimehamishia meza ya malipo nje ya vyumba vya kubadilishia nguo. Kiingilio hakipangwi kiholela: kiwango cha juu huwekwa na serikali ya mkoa, na Tokyo kilipandishwa hadi yeni 550 kwa mtu mzima mwaka 2024.

Barua nzito kuliko zote imetoka kwa kijana aliyeingia hodhini moja kwa moja, akajipaka sabuni na kujisugua, na wazee watatu wakatoka majini bila kusema neno. Anauliza kama huo ni ubaguzi wa rangi. Huo ni uchafuzi wa maji, na mchafuzi ni yeye. Hodhi la sento si la kuondolea uchafu. Ni la kujitia joto, na huingiwa na mtu ambaye tayari ni safi.

Usafi hufanyika ukutani, kwenye safu ya mabomba mafupi, kila moja na kioo chake. Muogaji huchukua kigoda na beseni. Katika sento nyingi beseni ni la plastiki ya njano lenye tangazo la Kerorin, dawa ya maumivu, na matangazo hayo yameogeshwa tangu mwaka 1963. Huoga ameketi. Anayesimama na kujimwagia maji humrushia povu jirani, na jirani hatasema kitu, jambo ambalo Japani ni baya kuliko kutukanwa. Hujisugua kwa kitaulo mwili mzima, nyuma ya masikio, kati ya vidole vya miguu, kisha hujisuuza mpaka povu liishe kabisa. Kigoda na beseni navyo husuuzwa kwa ajili ya mwingine. Baada ya hapo ndipo huingia hodhini, polepole, bila kupiga mbizi. Nywele ndefu hufungwa juu. Kitaulo hakigusi maji ya hodhi: hukunjwa na kuwekwa kichwani au ukingoni.

Maji huwa ya nyuzijoto 40 na zaidi. Wapo wazee wanaoyaona ya 44 kuwa vuguvugu, na kuwafungulia bomba la maji baridi bila kuwaomba ni kutangaza vita. Asiyeyaweza atoke. Na kabla ya kurudi chumba cha nguo, ajifute, asiache dimbwi sakafuni.

Mfanyakazi wa kiwandani amealikwa sento na msimamizi wake, naye anashuku kuna jambo. Hakuna. Wajapani wengi huamini kwamba waliooga pamoja huzungumza kwa ukweli zaidi, kwa kuwa suti, saa na cheo vimebaki kabatini. Aende, azungumze, amsikilize. Asisahau tu kwamba cheo hurudi pamoja na soksi.

Nafasi hiyo ya kukutana ndiyo inayopungua. Mwaka 1968 Japani ilikuwa na sento zipatazo 18,000. Leo hazifiki 2,000. Nyumba zilipojengewa mabafu yao, wateja wakabaki wazee. Kwa usafi hakuna kilichopotea. Kilichopotea ni mahali ambapo mzee anayeishi peke yake husalimiwa kila jioni, na asipoonekana siku mbili, mtu anauliza habari zake.

Msomaji kutoka Unguja anayesoma Japani anataka kujua Mwislamu afanyeje, ilhali uchi wa mwanamume, kwa kauli ya wanazuoni wengi, ni kati ya kitovu na magoti, na haufunuliwi hata mbele ya wanaume wenzake. Hoja yake ni nzito. Kuoga pamoja si jambo geni kwao: Hamamni, hapo Mji Mkongwe, yangalipo mabafu yaliyojengwa zama za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, kwa matumizi ya umma. Lakini desturi ya hamamu ni kujifunga shuka kiunoni, na sento hairuhusu nguo majini. Adabu mbili zimekutana, na hakuna ya katikati. Asijaribu kupenya na kikoi. Nyumba nyingi za wageni zenye onseni hukodisha bafu la faragha kwa muda, ambamo mtu au familia hujifungia. Hilo ndilo jibu lake, na pia la dada aliyeuliza kama hayo.

Kuhusu tatuu: kwa kuwa nchini humo huhusishwa na magenge ya yakuza, onseni na mabafu makubwa mengi hukataa wenye nazo. Mwaka 2013 onseni moja ya Hokkaido ilimkataa mwanamke wa Kimaori kutoka New Zealand kwa sababu ya michoro ya kimila usoni, na magazeti yakapata la kusema. Sento za mtaani kwa kawaida hazina neno. Mwenye tatuu aanzie huko.

Baada ya kuoga, wenyeji hufungua jokofu la chumba cha nguo na kunywa chupa ya maziwa baridi wakiwa wamesimama. Si lazima, lakini hakuna aliyeandika kulalamika.

Barua za wanaouliza kama inaruhusiwa kuingia na simu, japo kwa picha moja tu ya kuwatumia walioko nyumbani, hazitajibiwa tena. Hairuhusiwi.