Namna ya Kulea Rimu za Spoti Mbinga Bila Kuziua kwa Mapenzi

Hongera kwa kununua Toyota Altezza. Kwa pesa ile ya kahawa ungeweza kuezeka nyumba upya, kulipa ada za watoto, au kununua bodaboda mbili zikuletee hesabu kila jioni. Wewe umechagua gari lililouzwa Japani kati ya 1998 na 2005, kwa watu ambao barabara zao zinafagiliwa. Mashahidi walikuwepo, hela imeshakwenda, kwa hiyo tushughulikie kilichobaki: rimu nne za inchi 17 zinazong'aa kiasi kwamba shemeji yako, asiyejua tofauti ya petroli na dizeli, huinama hapo kukagua meno yake.

Mwongozo huu ni wa yule anayejifanyia kazi nyumbani. Gereji ya nyumbani, kwa Mbinga, ni banda ambalo msimu wa mavuno hulala kahawa, na miezi mingine hulala kuku, majembe na pikipiki ya mjomba isiyo na injini. Usilitamke neno gereji mbele ya mama watoto kabla gunia la mwisho halijafika AMCOS. Sema unakagua paa.

Anza kwa kusoma ubavu wa tairi, maana wenye magari wengi hawajawahi kuusoma. Pameandikwa 215/45R17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni asilimia ya upana huo, nayo ndiyo kimo cha ubavu. Asilimia 45 ya 215 ni karibu milimita 97. Huo ndio mpira wote uliopo kati ya rimu yako na Jamhuri ya Muungano. Wazee wa Umatengo walichimba ngoro milimani ili maji yatulie na udongo usiporomoke. Mvua nayo, kwa kuiga, imechimba ngoro zake kwenye barabara za mitaa, na nyingi zina kina kikubwa kuliko hizo milimita 97. Utasema siku hizi kuna lami. Ni kweli: Songea hadi Mbinga lami, Mbinga hadi Mbamba Bay kilomita 66 za lami, na makona yake yanamfanya mwenye Altezza ajione yuko kwenye mashindano. Lakini nyumba yako haiko kwenye lami. Iko ndani kidogo, pale unapokata kona dukani, na ni kwenye hako kapande kadogo ambapo rimu hupinda, si kwenye kona za kuteremkia ziwani.

Sasa kuosha. Hapa ndipo mapenzi hufanya kazi yake.

Ukitaka rimu ing'ae leo jioni kuliko ilivyong'aa Japani, chukua stili waya ya kusugulia sufuria, tia sabuni ya unga, sugua kwa nguvu zako zote. Itang'aa. Majirani watasimama. Kinachong'aa ni alumini iliyovuliwa nguo, kwa sababu juu yake kulikuwa na kliya, ile rangi angavu ya kuikinga, na wewe umeiondoa ukaimwaga pamoja na povu kwenye migomba. Masika yakifika utaona vidoa vyeupe vinatambaa kutoka kwenye tundu za nati. Mtaalamu wa mtaani atakushauri uvitoe kwa maji ya betri. Hayo ni asidi, na kwa kweli yatavitoa. Yatatoa pia kila kitu kilicho jirani na vidoa, halafu atakushauri upake rangi ya fedha ya kopo, na kuanzia hapo rimu yako ya Kijapani itafanana na geti la shule ya msingi.

Mwenye subira hufanya hivi: huacha gurudumu lipoe, humwaga maji mengi kwanza ili mchanga uondoke wenyewe bila kusuguliwa, kisha hutumia sabuni ya maji, kitambaa laini na mswaki wa zamani kwa pembeni. Hakikisha ni mswaki wa zamani kweli. Hayo masizi meusi yanayoganda kwenye rimu za mbele ni vumbi la breki, lina chembe za chuma ndani yake, na likikaa wiki kadhaa juu ya rimu ya moto hujichimbia na kuanza kutu. Kuosha mara kwa mara kwa maji na sabuni kunashinda kusugua mara moja kwa hasira.

Na usioshe uso tu. Upande wa nyuma wa rimu, ule usiopigwa picha, ndiko udongo mwekundu wa Umatengo unakoganda. Ukipita kwenye utelezi jioni, ukaegesha, udongo hukauka usiku kucha upande mmoja, mzito na mgumu. Asubuhi ukifika kasi ya 80 usukani unatetemeka. Hapo mwenye gari hukimbilia kwa fundi. Fundi wa kwanza atasema ni balansi, wa pili alaimenti, wa tatu atataka mshikio wa usukani ubadilishwe wote, na kila mmoja atapokea chake. Ingiza mkono nyuma ya rimu kwanza. Ukitoka na bonge la udongo lenye alama za spoku, umejiokolea nauli ya kwenda Songea na kurudi.

Jumapili utatamani kuosha ziwani. Najua. Mbamba Bay, mawe makubwa, maji ya bluu, gari jekundu, simu ya kamera tatu. Fikiria kwanza unafikaje. Kutoka milima ya Mbinga hadi ufukweni unashuka mamia ya mita, na ukishuka kwa breki tupu badala ya gia ndogo, diski hufika chini zikiwa na joto la kukaangia usipa. Ukizimwagia ndoo ya maji ya ziwa hapo hapo, zinaweza kupinda, na utarudi nyumbani kila ukigusa breki mguu unarushwa. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imelinda mita 60 za kando ya ziwa, na oili ya gari lako haimo katika vitu vilivyokusudiwa kuingia humo. Tatu, na hili ndilo zito, kina mama walioanika usipa hapo mchangani hawahitaji kuisoma hiyo sheria ili waitekeleze. Binamu yako wa Dar akikwambia maji ya ziwa yataoza rimu, mtulize: Nyasa haina chumvi. Ya bahari ndiyo yanayotafuna alumini.

Mteremko huo una jambo jingine ambalo wanaopenda geji watalifurahia. Hewa ya ziwani ni nzito kuliko ya Mbinga. Tairi ulilolijaza mlimani likiwa baridi, ukilipima ufukweni kesho yake likiwa limepoa, geji itasoma pungufu ya paundi moja hivi bila pancha yoyote. Joto la ziwani hulipa deni hilo kwa kuupanua upepo, hivyo huenda usione tofauti. Ukiiona, usimkamate mtoto wa jirani.

Kiasi chenyewe cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ni Kijapani, lakini tarakimu ni zetu sote: ukikuta 220, hizo ni kilopaskali, sawa na 32 kwenye geji ya fundi pancha. Kumshawishi fundi ni kazi nyingine.

"Weka 32 kote, dogo."

"Thelathini na mbili, bosi? Hiyo si ya pikipiki? Fuso mimi namshindilia mia."

"Hili si Fuso."

"Ndiyo maana linavunjika."

Atakuwekea 45 kwa huruma. Tairi likiwa gumu hivyo, kila jiwe linapiga hodi moja kwa moja kwenye rimu, na katikati ya tairi panaisha kabla ya kingo. Likiwa laini mno, ubavu unakunjika na rimu inabusu shimo. Nunua geji yako, ya fundi ilishaanguka kutoka juu ya kampresa mara nyingi kuliko anavyokumbuka.

Kuinua gari ni sura ambayo wengi huisoma wakiwa hospitali. Sakafu ya banda ni udongo, na jeki ikibeba gari huzama taratibu, kwa hiyo weka ubao mpana na mnene chini yake. Gari likishapanda, usiingie chini likiwa juu ya jeki peke yake, wala usiliegemeze kwenye matofali ya kuchoma. Tofali hubeba mzigo kimya, halina dalili, halafu linapasuka lote kwa mara moja. Tafuta stendi za chuma. Kama hakuna, magogo mapana ya mlingoti yaliyokatwa sawa, na lile gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya bodi.

Na usiliache juu siku tatu ukaenda kwenye msiba. Kwa hili kuna kisa cha Liuli, hapo hapo kwenye ufuko wetu. Agosti 1914 Liuli iliitwa Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba wa Pomonda ambao Wajerumani waliuona unafanana na lile sanamu la Misri. Meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha Berndt alikuwa rafiki wa kunywa pamoja na Rhoades, nahodha Mwingereza wa meli ya Gwendolen kutoka ng'ambo, Nyasaland. Vita ilipoanza Ulaya, habari zilimfikia Rhoades kwanza. Akaja, akafyatua mzinga kwenye chombo kilichokuwa juu ya magogo na hakina pa kukimbilia. Inasimuliwa kwamba Berndt alipanda kijimashua, akapiga makasia hadi kwa rafiki yake kumuuliza kama amelewa. Akachukuliwa mateka. Wengi hulitaja tukio hilo kuwa miongoni mwa mapigano ya mwanzo kabisa ya majini ya vita ile. Kwa maoni yangu ni ajali ya gereji: mtu amepandisha chombo chake juu, amefungua vitu, amekwenda kupumzika, na hajauliza nani atapita.

Ukirudisha gurudumu, kaza nati kwa kuvuka, hii na ile ya upande wa pili, gari likiwa bado limeinuliwa kidogo ili rimu ijikalie katikati. Kisha shusha, umalizie. Toyota nyingi ndogo hutaka nyutonimita 103. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa miguu yote miwili kwenye ncha ya spana ya sentimita 40, anatia kama 275, na huo ndio utaratibu unaokubalika mtaani, pengine na kuruka kidogo juu yake. Stadi hunyooka, haisemi, hukatika siku nyingine pale Kigonsera mvua inanyesha. Spana ya kipimo inapatikana mijini. Bei yake inafanana na ya stadi tano na fundi wa kuzitoa. Usiazime nati za shemeji mwenye Subaru: hatua ya nyuzi zake ni 1.25, ya Toyota ni 1.5, zinaingia mizunguko miwili kwa adabu kisha zinakula nyuzi. Hata za Toyota kwa Toyota angalia, kwani rimu nyingi za kiwandani hutumia nati zenye shingo na washa bapa, na rimu za dukani hutumia za koni. Ukichanganya, gurudumu litajifungua lenyewe bila kukusumbua. Ukishafika Songea, kilomita kama 100, kaza tena.

Rimu ikipinda, kuna mhunzi atakayeipasha moto kwenye mkaa na kuirudisha kwa nyundo hadi iwe mviringo wa kuridhisha. Chuma kinakubali mchezo huo. Alumini ya rimu iliimarishwa kwa joto la kupimwa kiwandani, na mkaa wa mhunzi huifuta kazi hiyo yote. Inabaki laini, au inapata ufa ambao utauona kwa povu la sabuni pindi tairi linapoanza kupungua upepo kila usiku. Iuze kama stuli.

Kuhusu kung'arisha mpira wenyewe kwa oili chafu: oili chafu ni dawa ya mchwa kwenye nguzo. Inaulainisha mpira na kuuvimbisha. Rangi ya viatu haina madhara sana, ila mpira uliozeeka hauwi kijana kwa rangi. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2309 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2009. Muuzaji wa tairi za mtumba atakwambia hiyo ni namba ya kontena.

Imebaki siku moja ya hatari katika mwaka, siku baba mkwe anapofika mapema, kofia mkononi, kusema lori la kukodi halikuja na ana magunia sita ya kahawa, ya kilo 60 kila moja. Usijitetee kwa uwezo wa tairi, kwa maana ubavuni pameandikwa 87, yaani kilo 545 kwa kila tairi, na mzee alifundisha hesabu. Usitaje springi ulizozikata ili gari likae chini, kwani ataomba kujua nani alikushauri. Mkaribishe chai, mwambie, "Baba, ningekubebea kwa mikono miwili, ila tairi la nyuma halina upepo." Atakunywa chai yote, atakushukuru, atakwenda nyumbani na kurudi na pampu ya baiskeli.