Mpira Kwao, Mechi kwa Nani?

Kesho Jumanne, Desemba 6, 2022, Morocco wanakutana na Hispania huko Qatar katika hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia, na kijiweni mechi imeshachezwa mara kumi. Zote kashinda Msomi Nusu.

"Waliomfunga Costa Rica saba bila, Morocco atawazuia kwa dua?" akauliza, kikombe cha kahawa ya kukopa mkononi.

Fundi Kobasi hakuinua macho kwenye soli. "Costa Rica siku ile hawakupiga hata shuti moja, kwa hiyo usinipe hao kama kipimo. Tangu hapo Hispania wamefunga bao moja kwa Ujerumani na moja kwa Japani, yote ya Morata. Alhamisi Japani walikuwa na mpira chini ya asilimia 20 ya muda, wakashinda 2-1. Mwaka 2018 kule Moscow, Hispania walipiga pasi zaidi ya elfu moja dhidi ya Urusi waliojaa nyuma, wakatolewa kwa penalti. Kuwa na mpira pale ambapo mpinzani amekuruhusu si kumtawala. Anayetawala ni yule anayeamua upite wapi, na kesho mwamuzi wa hilo ni Amrabat wa Morocco, si Pedri wala Gavi."

"Mkeka wangu una Hispania!" Chogo akapiga honi ya bodaboda.

"Na daftari langu lina vitumbua vyako tangu Ramadhani," Bi Kidawa akamkata. "Kipi kitalipwa kwanza?"

Msomi akarudi. "Kupaki basi si soka, Fundi."

"Basi gani lina mabao manne katika mechi tatu? Ubelgiji, washindi wa 3 wa 2018, walifungwa mbili. Croatia, waliocheza fainali ile, hawakupata kitu. Kanada walifungwa na Ziyech dakika ya nne kwa sababu kipa wao alibanwa nje ya boksi, na anayebana huko juu hajapaki kitu. Bao pekee walilofungwa Morocco, Aguerd alijifunga. Regragui kapewa timu mwezi Agosti, hakuwa na muda wa mapambo. Kawapanga wakae karibu karibu, kisha Hakimi, mzaliwa wa Madrid, atoke mbio kulia. Nakubali jambo moja: Hispania wakitangulia kufunga, Morocco watalazimika kufunguka, na hesabu yangu itavurugika."

"Umeona! Hata 1986 waliongoza kundi, kisha Ujerumani Magharibi wakawatoa moja bila."

"Frikiki ya Matthäus, dakika za mwisho," Mzee Buli akadakia huku akimimina. "Lakini nyinyi mna ajabu. Juzi Senegal wakiwa bado hawajafungwa tatu na Uingereza, Morocco mlikuwa mnawaita Waarabu. Leo wamebaki peke yao, wamekuwa ndugu zetu Waafrika."

Hakuna aliyejibu. Chogo akajifanya anakagua tairi.

"Tuseme wakabane hadi penalti," Msomi akajaribu tena. "Luis Enrique, kocha wa Hispania, kasema aliwaagiza vijana wake wafike wakiwa wamepiga penalti zisizopungua elfu moja."

"Basi na yeye anaiona mechi ninayoiona mimi," Fundi akasema. "Mtu mwenye uhakika wa saba bila haagizi penalti elfu moja. Isitoshe, Bounou ni kipa wa Sevilla, na msimu uliopita alichukua tuzo ya kipa aliyefungwa kidogo kuliko wote katika ligi hiyo ya Hispania. Wapigaji anawaona kila wiki. Mimi nasema sare dakika 120, na Morocco wanapita."

"Weka hela!"

"Hela alete kwanza aliyekopa kahawa."

Msomi akadai kikombe kile ni cha Chogo, Chogo akamkumbusha nauli ya Jumapili, na ugomvi wa mwaka jana wa pampu ya baiskeli ukafufuka. Mechi ni saa 12 jioni. Bi Kidawa anasema mwenye deni asikanyage mbele ya televisheni yake.