Ngeli za Saa Zinazochelewa

Wanaisimu wamebishana miaka mingi kuhusu idadi ya ngeli za Kiswahili. Saa za kompyuta zinazobaki nyuma hazijapata hata wa kuzibishania, na pengo hilo la kitaaluma haliwezi kuvumiliwa tena. Kigezo cha uainishaji huu ni kimoja. Kabla ya kuuliza saa imechelewa kiasi gani, uliza ilichelewa wakati gani: kompyuta ikiwa kazini au ikiwa usingizini.

Ngeli ya kwanza ni ya Wasahaulifu, wanaochelewa kompyuta ikiwa imezimwa. Kwenye bodi ya kompyuta ya mezani kuna saa ndogo isiyolala. Umeme wa ukutani ukiwapo, saa hiyo hula humo. Ukikatwa, hula betri bapa ya duara, aghalabu CR2032, yenye volti 3 na upana wa milimita 20. Betri ikifa, saa hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, mara nyingi Januari mosi ya mwaka ambao hakuna mtu anayeuhitaji. Ngeli hii imestawi sana katika ofisi zenye nidhamu, ambako kila jioni mtu huzima swichi ya ukutani ili kubana matumizi ya umeme, na betri ikaachiwa zamu ya usiku, wikendi na sikukuu zote.

Dalili yake hupotosha. Kivinjari hukataa kufungua tovuti ya benki. Tovuti salama huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kwa kompyuta inayoamini iko mwaka 2009, cheti hicho hakijazaliwa. Mtumiaji hulaumu mtandao, kisha hununua bando jingine.

Ngeli ya pili, Wahamiaji, hupoteza saa kamili, bila dakika za ziada. Kompyuta yenye Windows na Linux kwa pamoja ni makazi yao ya asili. Linux kwa kawaida huandika kwenye saa ya bodi saa ya ulimwengu, ambayo kwetu Afrika Mashariki iko nyuma kwa saa 3. Windows huisoma namba ileile ikidhani ni ya hapa. Kila mmoja anaamini mwenzake ni mharibifu. Spishi ya jirani ni kompyuta iliyoachwa katika majira ya pwani ya magharibi ya Marekani. Mwenyewe husahihisha saa kwa mkono, mtandao huirudisha, naye husahihisha tena, kwa hasira zaidi. Eneo la majira, lililo mistari michache tu chini yake, haligusi.

Ngeli ya tatu ni Wachovu, wanaodondosha sekunde kidogokidogo. Ndani yao kuna kipande cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Gawanya kwa mbili mara 15, unabaki na pigo moja. Kosa la sehemu 20 kwa milioni, ambalo watengenezaji hulihesabu kuwa la kawaida, ni takriban sekunde 1.7 kwa siku. Kwatzi hii hupangwa kwa joto la karibu nyuzi 25. Likizidi huchelewa, likipungua pia huchelewa, kama karani ambaye jua ni sababu na mvua ni sababu.

Ngeli ya nne karibu imekwisha. Ni saa za enzi za DOS, zilizohesabu mapigo 18.2 kwa sekunde na kupoteza hesabu programu zilipozishughulisha mno. Mabaki yake huonekana kwenye kompyuta pepe.

Kuhusu tiba, mafundi wamegawanyika madhehebu mawili. Dhehebu la Betri hubadilisha betri kwanza na kuuliza baadaye. Lina makosa yake, lakini makosa hayo ni ya bei nafuu. Dhehebu la Kupiga Windows hufuta kila kitu na kuanza upya. Mashine ikiwa bado dukani, imechomekwa umeme na ina intaneti, saa hujirekebisha yenyewe, na mteja hulipa akiwa ameridhika kabisa. Kisha huchomoa waya, hubeba mashine hadi ofisini, na kuiwasha ikiwa Januari mosi.