Mwongozo wa Kusafisha Udongo kwa Kompyuta

Kwa hiyo umepewa kazi ya kuamua udongo upi wenye risasi uchimbwe na upi uachwe. Hongera. Jembe rudisha stoo, kisha fuata hatua hizi.

Anza na bajeti. Vitabuni, modeli hutangulia na pesa hufuata. Wewe ulizia kwanza kuna fedha za kuchimba ekari ngapi, andika jibu kwa penseli, ndipo uwashe kompyuta. Hicho kikaratasi kisije kikaonekana kwenye faili.

Pili, mzoee mtoto wa modeli. IEUBK, modeli ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, hukadiria risasi iliyomo kwenye damu ya watoto wasiozidi miaka 7. Mtoto wake ana adabu: humeza udongo kwa miligramu alizopangiwa, na mwili wake hupokea asilimia 30 tu ya risasi iliyo ndani ya udongo huo. Wenye modeli wanakuhimiza uweke vipimo vya mahali penyewe. Wasikilize, washukuru, kisha ziache palepale tarakimu zilizokuja na modeli. Usimtazame mtoto wa jirani anayelamba vidole.

Tatu, penda wastani. Ukikuta kona yenye sumu ya kutisha, panua mipaka ya eneo mpaka hesabu itulie. Sumu itapungua bila kuhamishwa hata karai moja la udongo. Kasoro ni kwamba watoto huchezea penye kivuli, si penye wastani.

Nne, kikague kigezo kila asubuhi. Tangu 1994 EPA iliutilia shaka udongo wa makazi ukifika miligramu 400 za risasi kwa kilo. Januari 2024 ikashusha hadi 200. Ua ni uleule, udongo ni uleule. Ukienda kulieleza hilo, usikae karibu na aliyelima mchicha humo miaka yote 30.

Tano, chora ramani. Kijani kiwe tele. Kati ya shimo moja la sampuli na jingine kompyuta hubahatisha tu, lakini makisio yakipakwa rangi hupata heshima. Mkutanoni, kipaza sauti kisimfikie mama wa kiti cha nyuma: ndiye atakayeuliza mashimo yalichimbwa wapi.

Mwisho, vuta muda. Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kiliacha risasi mtaani, mahakama iliamuru Julai 2020 udongo usafishwe ndani ya miezi 4. Rufaa zikapanda hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi Desemba 2024. Kwa muda huo, modeli yoyote ingeendeshwa mpaka ikubali. Ila usiruhusu zahanati kupima damu. Najua wataipima tu, na cheti cha maabara hakina kisanduku cha kubadilishia tarakimu.