Kigingi cha Nne

Huyo aliyewaambia watu kwamba jangwani kuna utulivu, naomba nikutane naye. Nina maneno mawili ya kumwambia, na mchanga wa kumrudishia.

Nilifika ukingoni mwa jangwa la Chalbi, upande wa Kalacha, saa kumi na moja jioni. Nilikwenda peke yangu, kwa hiari yangu, kwa petroli niliyoinunua mwenyewe, kwa hiyo hakuna hata wa kumlaumu. Nilikuwa nimechoka na makelele ya Nairobi. Jirani yangu ana mtoto anayejifunza tarumbeta, na mwaka wa pili huu hajifunzi.

Chalbi zamani lilikuwa ziwa. Maji yalijiondokea, yakaacha uwanda wa chumvi usio na mti wala kibanda. Upepo ndio uliobaki. Unatokea huko kwenye mwanya kati ya milima ya Ethiopia na yetu, ukibanwa kama maji kwenye mpira, na usiku ndipo unapozidi. Wenye akili waliuona, wakasimika mitambo 365 ng'ambo ya Mlima Kulal, sasa wanavuna umeme. Mimi niliuona, nikatoa hema.

Muuzaji aliniapia kuwa linasimama kwa dakika 5. Ni kweli, lilisimama, kisha likaondoka. Nililikimbiza kama kuku wa sikukuu. Ardhi ya pale, juu ni ganda gumu kama mandazi ya juzi, chini ni vumbi laini kama unga. Kigingi kinagoma kuingia, na kikishaingia kinagoma kukaa.

Katikati ya kukimbizana huko akatokea mama mmoja wa Kigabra na binti yake wa shule, wakiongoza ngamia wawili wenye mitungi ya maji. Akina mama wa Kigabra ndio wenye kujenga nyumba zao za fito, mikeka na ngozi. Wakihama wanazibomoa, wanazipakia mgongoni mwa ngamia, wanazisimamisha kwingine. Kwa ufupi, nilikuwa nafanyiwa mtihani na mhandisi. Alinitazama muda mrefu, akasema neno.

"Mjomba, mama anauliza umekosana na nani nyumbani?"

"Mwambie sijakosana na mtu. Nimekuja kulala tu."

Wakateta.

"Anauliza, huna kitanda?"

Yule mama alichukua nyundo yangu, akaizika mchangani ikiwa imefungwa kamba ya hema, akanionyesha nifanye hivyo na kila kitu kizito. Nikazika jeki ya gari na kopo la maharagwe ambalo lingekuwa chakula changu. Kona ya nne nilikosa cha kuzika. Baadaye binti akarudi na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, yenye harufu nzuri ya moshi. Nani akatae? Nikanywa vikombe vinne.

Nyota? Zilikuwepo, nyingi mno. Nilizichungulia kwenye zipu, nikala mchanga, nikafunga.

Saa saba ya usiku hema linapiga makofi kama mkutano wa kampeni, nami nimejilaza kwenye ile kona ya nne, maana kigingi chake ni mimi. Hema lina kilo 3. Mimi nina kilo 82. Na vile vikombe vinne vya chai vimeshafika vinakokwenda, vinabisha hodi.

Nikaanza kupiga hesabu: kutoka hapa mpaka gari ni hatua 20, hema linakimbia kwa kasi gani?