Jinsi ya Kupima Safari ya Nairobi Hadi New York

Anza na ramani ya ukutani, ile bapa. Weka rula kati ya Nairobi na New York, piga mstari. Utaona unaingia baharini maeneo ya Mauritania. Safi. Sasa ufute. Chukua tufe na uzi, uvute mpaka ukaze: utapanda juu zaidi, ukatize Sahara, na nusu ya safari itaangukia jirani na Marrakesh. Hiyo ndiyo njia fupi, kama kilomita 11,800.

Gawa kwa mwendo wa ndege aina ya Dreamliner, takriban kilomita 900 kwa saa. Unapata saa 13 na dakika chache. Hongera, na usimwambie mtu. Ndege itapanga foleni kwenye lami, kisha upepo mkali utokao magharibi uipige usoni juu ya Atlantiki. Ndiyo maana Kenya Airways, ilipoanza safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, ilitangaza saa 15 za kwenda na 14 za kurudi. Wakati wa kurudi upepo huohuo unasukuma.

Tiketi mfiche mjomba. Ikisema ndege inaruka saa tano na nusu usiku na kutua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, atatoa apate saa saba, atangaze kwamba Marekani ni karibu kuliko Mombasa kwa basi. Mweleze kwamba majira ya baridi New York iko nyuma saa nane. Atakuitikia kwa heshima, kisha aulize mbona kurudi mtu anaondoka saa sita na nusu mchana, anafika kesho yake saa tano asubuhi.

Lakini umbali mgumu zaidi ni ule wa kutoka sebuleni hadi kaunta ya uwanja wa ndege. Familia nzima lazima ikusindikize, na maombi hayaanzi kabla shangazi wa Kitengela hajafika. Langoni mwa uwanja wa JKIA mnasimama kwa ukaguzi. Hapo ndipo binamu anakumbuka simu yako iko kwenye chaji nyumbani.

Begi mwisho kilo 23. Lako lina 26, ingawa mizani ya jirani ilisema 22. Piga magoti, lifungue mbele ya foleni yote, toa unga, punguza omena, vaa makoti mawili. Dada wa kaunta atatazama pembeni. Lipime tena: 23 na nusu. Mtazame kama yatima.

Ndani ya ndege, izime ile ramani ya kwenye kiti. Lala, amka, iwashe: bado Sahara.

Anayekupokea uwanja wa JFK mwambie aje saa mbili baada ya kutua. Uhamiaji wana foleni yao, na omena ina maswali yake.